Mashine ya Kutafutia Dhahabu: Ipime Kabla Hujailipia

Malipo ya kahawa yanapowafikia wakulima wa Mbinga, wauzaji wa kila namna huwafikia pia. Huja wa mabati na wa pikipiki, huja wa redio na wa magodoro, na huweza kuja pia muuzaji mwenye sanduku refu lililofungwa kwa uangalifu kuliko mizigo mingine yote. Ndani ya sanduku hilo mna mashine ya kutafutia dhahabu. Vitabuni huitwa kigunduzi cha metali. Machimboni huitwa ditekta. Somo hili linahusu sanduku hilo na maswali ambayo mlaji anastahili kuyauliza kabla ya kulifungulia mfuko wake.

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa kata ya Matiri, ambaye hatumpi jina kwa kuwa anaweza kuwa yeyote kati ya wasomaji wetu. Ameuza kahawa yake kupitia chama cha msingi, amelipa deni la pembejeo, na amebakiwa na fedha za ada ya mtoto aliye sekondari na mbolea ya msimu ujao. Kijana aliyetoka mjini anamwonyesha mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini. Anaivua pete yake ya dhahabu, anaitupa nyasini, anapitisha sahani juu yake, na mashine inalia kwa sauti kali. "Mzee wangu," anasema, "hii inaona dhahabu mita tatu chini ya ardhi. Huo mto unaopita shambani kwako unajua umebeba nini?" Mzee hajui. Jirani zake nao hawajui. Biashara yote imejengwa juu ya kutojua huko.

Hatusemi kwamba mashine hizi ni uongo. Vigunduzi halisi vipo, hufanya kazi, na wachimbaji wadogo huvitumia hapa nchini, hususan katika maeneo ya Chunya. Tunachosema ni kwamba kati ya kile ambacho mashine halisi inaweza kufanya na kile ambacho muuzaji husema inaweza kufanya pana pengo, na pengo hilo hulipiwa na mnunuzi.

Kile ambacho mashine husikia

Ndani ya sahani ya chini mna waya uliozungushwa mara nyingi, yaani koili. Umeme unapopita katika koili hiyo hutengeneza uga wa sumaku unaobadilika haraka na kupenya ardhini. Uga huo ukikuta kitu kinachopitisha umeme, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hutengeneza uga wake dhaifu unaorudi juu. Mashine huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haioni rangi ya dhahabu, wala hainusi thamani. Husikia kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme, basi.

Upungufu huo ni wa tangu mwanzo wa chombo chenyewe. Mwezi Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alileta kifaa chake cha kutambua metali kwa kutumia koili. Kifaa kilikuwa kizuri. Kilikuwa kimejaribiwa na kufanya kazi. Lakini kilipopitishwa juu ya mgonjwa kilitoa sauti za kutatanisha, na sababu mojawapo ilikuwa springi za chuma za kitanda alicholalia. Tena daktari mkuu aliruhusu upande mmoja tu wa mwili upimwe, na risasi haikuwa upande huo. Garfield alifariki Septemba mwaka huo. Mtaalamu mkubwa kama Bell alidanganywa na kitanda. Mkulima anaweza kudanganywa na kizibo cha soda.

Na vizibo, misumari, vipande vya jembe, betri kuukuu, karatasi za ndani ya pakiti za sigara na maganda ya risasi ni vingi ardhini kuliko dhahabu, hasa karibu na makazi na njia. Mashine za kisasa zina sehemu ya kuchuja, ambayo hujaribu kutenganisha chuma na metali nyingine. Uchujaji huo husaidia, lakini una mipaka. Donge dogo la dhahabu huweza kutoa ishara inayofanana sana na ya karatasi ya alumini au kipande cha risasi. Atakayeichuja alumini yote huenda akaichuja dhahabu pamoja nayo. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kwamba mashine "inalia kwa dhahabu peke yake" ametoa ahadi ambayo koili haiwezi kuitimiza. Mtafutaji mzoefu huchimba kila ishara, na siku nyingi hurudi nyumbani na mfuko wa takataka.

Jambo la pili ni udongo. Udongo mwekundu, ambao wakulima wa Umatengo wanaujua vizuri kuliko mwandishi wa somo hili, hupata wekundu wake kutokana na madini ya chuma. Chuma hicho nacho huijibu koili. Mashine ya bei ya chini iliyotulia kabisa juu ya meza ya dukani huweza kulialia mfululizo ikipitishwa juu ya udongo wa namna hiyo, au hulazimika kupunguzwa usikivu mpaka isisikie kitu chochote kidogo. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu zina namna ya kusawazishwa na ardhi, na zile zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi huvumilia udongo wa chuma zaidi. Ndizo zenye bei kubwa.

Jambo la tatu, na ndilo linalopotoshwa zaidi, ni kina. Donge lenye uzito wa chini ya gramu moja kwa kawaida husikika kwa sentimita chache tu, labda urefu wa kidole au kiganja. Kitu cha ukubwa wa sarafu huweza kusikika kwa sentimita 20 au 30 katika mazingira mazuri. Mita moja ni kwa vitu vikubwa na mashine bora. Mita tatu kwa dhahabu ambayo mkulima anaweza kutarajia kuipata haiwezekani kwa mashine ya mkononi, iwe ya bei yoyote. Na ile pete ya muuzaji? Pete ni duara lililofungwa, na mkondo wa umeme huzunguka ndani yake bila kikwazo. Ndiyo maana hutoa ishara kali kuliko donge la uzito huo huo lenye umbo la kokoto. Kuijaribu mashine kwa pete iliyo juu ya nyasi ni kuipa mtihani ambao majibu yake yameshaandikwa ubaoni.

Ardhi kwanza, mashine baadaye

Swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "mashine hii ni nzuri?" Liwe: dhahabu ya eneo langu, kama ipo, ipo katika umbo gani?

Dhahabu hukaa ardhini kwa sura mbalimbali. Mahali pengi imo ndani ya mwamba kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho, na hupatikana baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuchenjuliwa. Mwamba wenye gramu 10 za dhahabu katika tani moja ni mwamba mzuri kwa mchimbaji, lakini ditekta ikipitishwa juu yake hukaa kimya, kwa sababu kila chembe peke yake ni ndogo mno. Mahali pengine dhahabu imechukuliwa na maji na kulala katika mchanga wa mto kama vumbi na chenga. Hiyo pia mashine haiisikii. Ditekta huleta faida pale tu ambapo kuna madonge, na madonge hayako kila mahali penye dhahabu.

Uwanda wa dhahabu wa Lupa, huko Chunya, ni mfano wa mahali ambapo mashine ina sababu ya kuwapo. Dhahabu ilitambuliwa huko mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika katika mojawapo ya rashi kubwa za historia ya Tanganyika. Sehemu kubwa ya dhahabu ya mwanzo ilitoka katika mchanga wa vijito na udongo wa juu, na madonge yalikuwemo. Mtu anayepitisha koili Chunya anaitafuta dhahabu ya aina ambayo babu zake waliikuta hapo. Historia ya namna hiyo haihamishiki kwa basi hadi Mbinga kwa kuwa tu mashine imehama.

Wauzaji hupenda pia kuonyesha picha ya donge kubwa kutoka Australia. Picha hiyo si ya kughushi. Mwaka 1980, karibu na Kingower katika jimbo la Victoria, mtu mmoja mwenye kigunduzi cha metali alipata donge la zaidi ya kilo 27, lililokuwa sentimita 30 hivi chini ya ardhi. Baadaye liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani kwa jumba la kamari la Las Vegas. Lakini Victoria ni sehemu inayofahamika duniani kwa madonge tangu miaka ya 1850. Na hata pale, habari zinazoandikwa ni za aliyepata.

Ruvuma ina jambo lake la pekee. Watu wengi wa mkoa huu wanapotaja madini hukumbuka vito, hasa yakuti na mawe mengine yaliyowavuta wachimbaji Tunduru katikati ya miaka ya 1990. Wapo wauzaji wanaosema mashine yao huona dhahabu, vito na almasi kwa pamoja. Vito na almasi si metali, na kwa kawaida havipitishi umeme. Koili hupita juu ya yakuti kama inavyopita juu ya mfupa. Kauli hiyo peke yake yatosha kuyamaliza mazungumzo.

Kabla ya mashine, basi, tumia karai. Chukua mchanga kutoka chini kabisa ya mto, pale maji yanapopunguza kasi, nyuma ya mawe makubwa na ndani ya nyufa za mwamba. Uoshe taratibu mpaka ubaki mchanga mweusi mzito, uutazame juani. Fanya hivyo sehemu kumi za mto huo huo. Kazi hii hugharimu karai na siku mbili tatu za jasho. Kama mchanga mweusi hauna hata chenga moja ya njano, mashine ya milioni kadhaa haitaiumba. Kama chenga zipo, hapo pana jambo la kumuuliza mjiolojia wa ofisi ya madini, ingawa bado hujapata sababu ya kununua ditekta: chenga huoshwa kwa maji.

Fimbo zenye antena

Zipo bidhaa nyingine ambazo hazistahili hata kuitwa mashine. Huwa na mkono wa kushika na antena moja au mbili zinazoning'inia mbele na kuzunguka kwa uhuru. Muuzaji huchomeka kadi iliyoandikwa "dhahabu", hutembea hatua chache, na antena hugeuka kuelekea kilimani. Husema inatambua dhahabu umbali wa mita mia, au kilometa.

Antena hugeuzwa na mkono. Mtu akiishika fimbo iliyo katika mizani laini namna hiyo, mtikisiko asioutambua mwenyewe hutosha kuizungusha. Ndiyo sababu hata muuzaji mwaminifu huweza kuiamini. Bidhaa ya namna hiyo hiyo, iliyoitwa ADE 651, iliuzwa kwa serikali ya Iraq na kwingineko kama kifaa cha kutambua mabomu, kwa maelfu ya dola kila kimoja. Ndani yake hamkuwa na chochote cha kufanya kazi hiyo. Chimbuko lake lilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa kwa dola zisizozidi 20 hivi. Muuzaji wake, James McCormick, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 nchini Uingereza mwezi Mei 2013. Askari walisimama vizuizini Baghdad wakiitegemea fimbo hiyo huku magari yenye mabomu yakipita. Kama serikali ilidanganyika, mkulima asione haya kusema "ngoja kwanza niijaribu".

Kuna pia bandia za mashine halisi. Codan, kampuni ya Australia inayomiliki chapa ya Minelab, ilikumbwa na mkasa mkubwa: michoro ya vigunduzi vyake iliibwa na wadukuzi kupitia kompyuta ya mfanyakazi aliyekuwa safarini China, na nakala zikatengenezwa na kumwagwa katika masoko ya Afrika. Kampuni ililazimika kushusha bei sana, na faida yake ya mwaka ikaanguka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014. Nakala hizo huwa na rangi ile ile, sanduku lile lile na kitabu kile kile cha maelekezo. Huwaka na kulia. Tofauti hujitokeza shambani, juu ya udongo mwekundu. Hivyo mnunuzi wa mashine ya chapa inayojulikana aiandike namba ya utambulisho iliyobandikwa juu yake na kumwomba mtengenezaji, kupitia tovuti yake, athibitishe kama namba hiyo ni yake. Muuzaji asiyetaka namba isomwe kabla ya malipo amekwisha kujieleza.

Jaribio la kufanya mwenyewe

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na tunaomba msomaji asiharakishe.

Tafuta vipande vya risasi, ile metali laini ya kijivu. Wavuvi wa Ziwa Nyasa huifunga kwenye nyavu ili zizame, na vipande vyake vinaweza kupatikana Mbamba Bay au kwa yeyote anayeshona nyavu. Risasi hutumiwa na watafutaji wa dhahabu wa nchi nyingi kwa majaribio kwa sababu ishara yake haiko mbali na ya donge la dhahabu. Kata vipande viwili: kimoja cha gramu moja hivi, kingine cha gramu tano. Vipime kwa mzani wa sonara ukiweza. Visifungwe kwa waya wala kuwekwa ndani ya kopo.

Jaribio la kwanza ni la kujua kama mashine inasikia chochote au muuzaji anakisia. Panga bakuli tano za plastiki zilizofudikizwa chini, zikiwa zimeachana hatua moja moja. Muuzaji aende nyuma ya nyumba. Wewe weka kipande kikubwa cha risasi chini ya bakuli moja, kisha uondoke. Mtu mwingine ambaye hakukuona ukiweka ndiye amwite muuzaji na kusimama naye. Kipengele hiki si cha mbwembwe. Anayejua jibu huweza kulitoa kwa macho yake bila kutaka. Muuzaji aonyeshe bakuli, nawe uandike kwenye daftari: ndiyo au hapana. Rudieni mara kumi, ukibadilisha mahali kwa kutupa vijiti vyenye namba ili usiwe na mpangilio wa kukisika.

Anayekisia tu atapatia mara mbili hivi katika kumi, na akiwa na bahati tatu au nne. Ditekta halisi, hata ya bei nafuu, itapatia zote kumi au tisa. Fimbo yenye antena itarudi kwenye mbili. Muuzaji wake atasema jua ni kali, au kuna mtu amekuja na nia mbaya, au risasi si dhahabu. Akisema hili la mwisho, mwambie atumie pete yake.

Jaribio la pili ni la udongo na kina, na ndilo linalotenganisha mashine nzuri na mbaya. Lifanyike kwenye udongo wa mahali utakapotafutia, si uwanjani kwa muuzaji. Chagua kipande cha ardhi, upitishe mashine, uondoe misumari na vizibo vyote mpaka patulie. Kama hapatulii, yaani mashine inaendelea kulia mahali pasipo na kitu, jaribio limekwisha na jibu umelipata. Kama pametulia, chimba mashimo matatu ya kina cha sentimita 5, 15 na 30, yapimwe kwa rula. Weka kipande kidogo katika shimo la kwanza, ufukie na kushindilia, kisha usikilize. Hamishia la pili. Fanya vivyo hivyo kwa kipande kikubwa. Andika kila jibu. Utumie vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa ishara za mbali ni nyembamba, na simu zote zizimwe au ziwekwe mbali.

Mwishoni utakuwa na karatasi inayosema, kwa mfano, gramu moja kwa sentimita 5 imesikika, kwa 15 haikusikika. Gramu tano kwa sentimita 15 imesikika, kwa 30 haikusikika. Hayo yangekuwa matokeo ya heshima kabisa. Yaweke kando ya ile ahadi ya mita tatu.

Hesabu ya nyumbani

Chukua bei ya mashine, uigawanye kwa bei ya gramu moja kama ilivyotangazwa siku hiyo katika soko la madini. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mashine ni shilingi 4,000,000 na mnunuzi wa dhahabu hulipa 200,000 kwa gramu. Unahitaji gramu 20 ili kurudisha bei ya mashine peke yake. Ongeza betri, nauli, chakula cha porini, mgawo wa mwenye shamba na siku ambazo mahindi na kahawa havikupaliliwa. Kisha ujiulize swali ambalo muuzaji naye angepaswa kuulizwa: ikiwa mashine hupata gramu 20 kwa mwezi kama asemavyo, kwa nini anaiuza?

Kama bado una nia, kodi kwanza. Kumkodi mwenye mashine kwa wiki moja, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa kwa mtendaji wa kijiji, hugharimu sehemu ndogo ya bei na kukueleza yote unayotaka kujua kuhusu mto wako. Kikundi kikiamua kununua kwa pamoja, kiandike mapema nani ataitunza mashine, mapato yatagawanywaje, na anayejitoa atarudishiwa nini. Watu watano walioshirikiana kununua bila maandishi hubaki na mashine moja na ugomvi mmoja. Usikope kwa ajili ya kifaa hiki, na kwa mikopo ile iitwayo kausha damu usikope hata siku moja: riba ina tarehe, dhahabu haina.

Leseni, na vitu vingine vilivyofukiwa

Wengi hudhani kwamba aliye na shamba ana haki ya kilicho chini yake. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inasema vinginevyo: madini ni mali ya umma, yaliyo chini ya dhamana ya Rais, na hakuna anayeruhusiwa kutafuta wala kuchimba bila leseni, hata shambani kwake mwenyewe. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, na hudumu miaka saba. Maswali yapelekwe kwa Afisa Madini Mkazi kabla ya koili kugusa ardhi, kwa sababu eneo hilo huenda lina leseni ya mtu mwingine. Dhahabu ikipatikana, iuzwe katika soko la madini au kituo rasmi cha ununuzi; masoko haya yalianzishwa mwaka 2019, na mizani yake iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Anayenunua gizani kwa mzani wa mfukoni hukurudisha pale pale ulipokwepa.

Wapo wanaonunua ditekta kwa ajili ya zile hadithi za mali za Wajerumani. Hadithi hizo zina punje ya kweli: mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, takriban 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Idadi hiyo isingetosha hata kidogo kwa mashimo yote ambayo yamechimbwa kuzitafuta. Vitu vya kale vinavyopatikana ardhini vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na havigeuki kuwa mali ya aliyevichimba. Makaburi na mahali pa matambiko pasiguswe.

Na ishara nyingine ni ya kifo. Novemba 2017, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera, bomu la mkono lililookotwa na mtoto kama chuma chakavu lililipuka shuleni na kuua wanafunzi. Ukifukua kitu cha chuma cha duara au chenye umbo la chupa nene, usikigonge wala kukiinua. Weka alama, waondoe watoto, toa taarifa polisi.

Ukiwa umekwisha kudanganywa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, matumizi au uwezo wa bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Muuzaji aliyesema mita tatu ameuza mita tatu. Tatizo huwa ni kuthibitisha kwamba alisema.

Kwa hiyo ushahidi utengenezwe kabla ya malipo. Mwombe muuzaji ruhusa ya kurekodi maelezo yake kwa simu; mwaminifu hatakataa. Mwombe aandike kwenye risiti aina ya mashine, namba yake ya utambulisho, kina alichokiahidi na muda wa dhamana. Dai risiti ya mashine ya EFD. Lipa kwa njia inayoacha jina, na uhakikishe jina linalotokea kwenye simu ni la mtu au duka lililo mbele yako. Usitume nusu ya bei kwa mzigo unaosemwa kwamba "uko bandarini".

Malalamiko ya udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na pale palipo na utapeli wa wazi, kituo cha polisi kilicho karibu. Peleka risiti, ujumbe wa simu, rekodi ya sauti na mashine yenyewe ikiwa haijafunguliwa wala kurekebishwa na fundi. Ambatanisha na ile karatasi ya daftari yenye matokeo ya bakuli tano na mashimo matatu, ikiwa na tarehe, jina la kijiji na saini za waliokuwapo.